Kisu cha Abasi na Krismasi ya Samaki

Kengele ya misa ya kwanza haijanyamaza, na Abasi Majidi ameshamaliza nyumba mbili, anaingia ya tatu. Anaegemeza baiskeli ukutani, anapiga hodi, na kabla hajakaribishwa chai anauliza swali lake la kila Krismasi: "Mbuzi amepewa maji?"

Amepewa, anajibu mwenye nyumba, Mwalimu Bertila, mjane aliyestaafu kufundisha na ambaye leo amevaa kitenge kipya na kandambili za zamani. Abasi hamwamini. Anataka kuiona ndoo. Anaonyeshwa ndoo, anaridhika, ndipo anapokunjua kitambaa cheupe alichofungia kisu.

Wajukuu wa Bertila wanamlaza mbuzi. "Mgeuzeni aelekee tangi la maji la jirani," Abasi anaelekeza. Katika kila ua anaochinjia, kibla anakijua kwa alama yake: kwa Bertila ni tangi, nyumba inayofuata ni nguzo ya umeme. Anasema Bismillahi, kisu kinapita mara moja, kazi imekwisha. Bertila anamletea maji ya kunawa na kumwambia anachoambiwa kila nyumba: "Saa nane usichelewe, baba. Na Mwanne uje naye."

Abasi ana miaka 63, ni Mwislamu wa Ng'ambo, Tabora mjini, na kila tarehe 25 Desemba huzunguka kwa majirani zake Wakristo akiwachinjia mbuzi na kuku wa sikukuu. Katika mitaa hii ya zamani, Mkristo akipika Krismasi hapikii nyumba yake peke yake. Majirani Waislamu nao watakuja, na nyama ambayo hakuichinja Mwislamu hawaigusi. Kwa hiyo kisu huitwa kwanza, sufuria baadaye.

"Ukichinja mwenyewe umeshachagua wageni," anasema Bertila. "Mimi sitaki Krismasi ya kuchagua watu."

Siku za kawaida Abasi hulipwa. Huchinjia mabucha ya sokoni, mbuzi mmoja shilingi elfu tano, na zipo siku anarudi nyumbani mikono mitupu. Siku ya Krismasi hapokei hata senti. "Marehemu baba aliwachinjia wafanyakazi wa reli miaka nenda miaka rudi, na hela ya sikukuu hakuipokea," anasema. "Alipokea sahani. Na mimi nachukua sahani," anaongeza huku akijipigapiga tumbo, ambalo kusema kweli halijakataa sahani hata moja.

Mwaka huu nusura azikose. Mwezi Aprili, mvua zikiwa zinaaga, baiskeli iliteleza kwenye matope na bega lake la kulia likatoka. Miezi minne hakushika kisu, na nyumba ikaishi kwa vitumbua anavyochoma mkewe, Mwanne. Binti yao, Najiat, alimsihi baba apumzike Krismasi hii. Alikuwa anatwanga maji kwenye kinu. Tangu Agosti, kila baada ya sala ya alfajiri, mzee alikuwa uani akinyanyua ndoo ya maji, kwanza robo, kisha nusu, mpaka Novemba akaweza ndoo nzima.

"Mchinjaji mwenye mkono legevu anamtesa mnyama," anasema. "Bora kuacha kuliko kutesa. Na kuacha sitaki."

Bega basi limepona. Lililobaki linamkera kuliko bega, nalo liko mtaa wa Kitete, nyumbani kwa Benjamini Chiwanga.

Benjamini ni Mgogo. Baba yake alifuata kazi ya reli hadi kituo cha Tura, baadaye akahamia Tabora na familia, na mwana naye akafanya kazi relini mpaka alipostaafu. Yeye na Abasi, ambaye ni Mnyamwezi, wamekuwa marafiki tangu wakiwa vijana wa kucheza mpira pekupeku. Lakini zaidi ya urafiki, hawa ni watani.

Utani wao ni mkongwe kuliko reli yenyewe. Enzi za misafara, Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka huku hadi pwani, na njia ilipita Ugogo. Wagogo waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, hata wa maji ya kunywa. Ugomvi ule ulizaa mzaha, mzaha ukazaa undugu, na mpaka leo Mgogo na Mnyamwezi wanatukanana harusini na msibani bila mtu kununa. Anayenuna ndiye anayechekwa.

"Nikipita kwake ananiuliza mzigo nimeutua wapi," anaeleza Abasi. "Namwambia mzigo ninao, ila maji ya kwenu yana bei."

Krismasi ya mwaka jana mzaha huo ulikatika ghafla. Mtoto wa Benjamini, Fikiri, dereva wa lori aliyelelewa na shangazi yake Dar es Salaam, alikuja kula sikukuu kwa wazazi baada ya miaka mingi. Aliamka mapema, akamkuta mbuzi amefungwa uani, akaona awapunguzie wazee kazi. Abasi alipotokea na kisu chake, mbuzi alikuwa ameshatundikwa, ngozi imeshachunwa nusu.

"Nilijua nasaidia," anasimulia Fikiri. "Baba akatoka ndani, akamwangalia mzee Abasi, kisha mbuzi. Nikajua nimeharibu, ila nimeharibu nini sikujua."

Abasi anaapa kwamba hakukasirika. Alikunywa soda, akala chapati kavu, akaaga akisema ana wageni. Mchana ule viti vilivyopangwa kwa ajili ya majirani Waislamu vilikaa vitupu, na Dafrosa, mke wa Benjamini, akabaki akikodolea macho sufuria la pilau la kulisha mtaa.

Benjamini aliona haya, tena haya iliyopita kiasi. Idd ilipokuja hakwenda kula kwa Abasi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sokoni akimwona kwa mbali alikata kona. Bega lilipotoka alimtuma Dafrosa na mfuko wa mchele, mwenyewe hakutia mguu. Hatimaye walikutana uso kwa uso kwenye mazishi ya jirani, mahali ambapo watani huchekesha hadi wafiwa. Benjamini alimpa mkono na kusema, "Pole na matatizo, ndugu yangu."

"Ndugu yangu!" Abasi anafoka mpaka leo. "Mtani wangu ananipa pole kama mtendaji wa kata. Hapo niliumia. Bega halikuniuma vile."

Desemba hii wito ulikuja kutoka nyumba baada ya nyumba. Kutoka kwa Benjamini haukuja. Na Abasi ana sheria aliyoirithi kwa baba yake, kwamba mchinjaji haendi asikoitwa, kwa sababu kisu kisichoitwa kinaleta ugomvi. Lakini anajua pia hesabu ya kimya. Mwaka mmoja wa kimya ni haya tu, unaponyeka. Ukifuatiwa na wa pili yanakuwa mazoea, na baada ya hapo watabaki wazee wawili wanaopungiana mikono barabarani. Urafiki wa maisha mazima utakuwa umemalizwa na mbuzi.

Kabla ya adhuhuri amemaliza nyumba ya mwisho. Anarudi Ng'ambo, anaoga, anavaa kanzu. Mwanne, aliyekwisha kujifunga kanga ya kutokea, anamwona anakifunga kisu upya kwenye kitambaa.

"Na kisu tena? Si umemaliza?"

"Nakwenda kwa Mgogo."

"Amekuita?"

"Hajaniita."

Mwanne anakaa ukingoni mwa kitanda. Amemsikia mumewe akilalamikia jambo hili mwaka mzima, na masikio yamemchoka. "Kosa moja haliachi mke, sembuse rafiki," anasema. "Lakini asipokukaribisha je, mume wangu? Utarudi na aibu."

"Mchinjaji haendi asikoitwa," anajibu Abasi. "Mtani lini aliitwa?"

Mwanne anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Anajaza vitumbua kwenye hotpoti, na wanaondoka.

Kitete barabara imejaa watoto wenye nguo mpya na puto. Kwa Benjamini kuna harufu ya kukaanga inayofika hadi nje, ila si ya nyama. Abasi anasimama kidogo kwenye kona ya nyumba, anashusha pumzi. Kisha bila hodi anaingia uani akipaza salamu ya Kigogo kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Mbukwa! Wagogo, leo mnatoza nini? Maji, au moshi?"

Dafrosa anainuka jikoni na mwiko mkononi. Fikiri, ambaye mwaka huu amekuja tena, anaganda na beseni lake la vitunguu. Benjamini yuko kwenye mlango wa nyuma, amevaa shati la kanisani.

Abasi anachungulia sufuria. Ni sato, waliokuja ndani ya barafu kutoka Mwanza, wengine wamekaangwa, wengine wameungwa nazi. Hakuna kipande cha nyama nyumba nzima.

"Niliona mwaka huu tule samaki," anasema Benjamini akiangalia chini. "Samaki hahitaji kuchinjwa. Nikasema nikipika samaki majirani wote watakula, na sitamsumbua mtu. Sahani zenu tulikuwa tunazileta." Anakohoa. "Sikuwa na uso wa kukuita, Abasi."

Maneno hayo yanamwingia Abasi. Kumbe mwaka mzima mtu huyu alikuwa anakata kona sokoni huku anafikiria namna ya kumlisha. Lakini Abasi hakuja kulia.

"Kwa hiyo," anasema, "umeona heri umsumbue mvuvi wa Mwanza kuliko kunisumbua mimi wa Ng'ambo hapa?"

Dafrosa anaficha mdomo kwa upande wa kanga. Benjamini bado hajacheka.

Mtani ana haki zake. Anaweza kuingia kwa mtani wake, akaona kitu, akakichukua bila kuomba, na mwenye mali hana pa kushitaki. Macho ya Abasi yanazunguka ua na kutua kwenye jogoo mwekundu anayeparura karibu na bafu.

"Yule ni wangu," anasema. "Fikiri, nikamatie."

"Jamani, huyo ni wa mbegu!" Dafrosa anapiga kelele.

Fikiri hathubutu kusogea. Mwaka jana mkono wake ulimponza, mwaka huu anamwangalia baba yake kwanza. Mwanne amekumbatia hotpoti. Uani kila mtu anamngoja Benjamini, na Benjamini anamtazama jogoo, kisha kisu kilichofungwa kwenye kitambaa, kisha mtu aliyekileta bila kuitwa.

"Mnyamwezi mwizi," anasema mwishowe. "Mmebeba mizigo ya watu mpaka baharini hamkushiba, leo mnataka na kuku wangu? Haya, mkamateni jogoo! Mkamateni, mwizi apewe, aache kututolea macho!"

Ua mzima unapasuka kwa vicheko. Jogoo anawazungusha nyuma ya bafu, chini ya kamba ya nguo, mpaka Fikiri anamdaka. Anamleta kwa Abasi akihema na ndipo anapokumbuka adabu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Shika mabawa na miguu pamoja, hivyo. Kibla cha hapa kwenu ni ule mlingoti wa antena, umeuona? Mwaka jana kuchinja hukukosea. Ulikosea kutokuja kuniamsha."

"Nimeelewa, baba," anasema Fikiri, na anashika kwa nguvu mpaka kazi inapomalizika.

Saa nane viti vimejaa. Majirani wameitwa kwa sauti juu ya ua, Waislamu kwa Wakristo, na wengine wamekuja na sahani za nyumbani kwao. Jogoo mmoja kwa watu wote hao ni kuonja tu, kila mmoja anapata kipande cha kuzuga ulimi, na sato wanakamilisha kilichobaki. Mwalimu Bertila, ambaye Abasi alimwahidi saa hiyohiyo, ametumiwa ujumbe, naye amebeba sufuria lake la mbuzi na kuja Kitete akilalamika njia nzima.

Benjamini mwenyewe ndiye anayempakulia Abasi. Anamwekea kichwa cha jogoo na miguu yake, akimwambia hilo ndilo fungu la mpagazi wa misafara. Abasi anapangusa macho kwa kiganja na hajali nani anamwona.

"Nimeitwa mwizi mbele ya mke wangu," anasema. "Sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi hivi."

Mipango ya mwakani inaanza kabla sahani hazijaoshwa. Idd ijayo Benjamini atakwenda Ng'ambo na familia yote, na Fikiri ameahidi kuomba likizo. Kuhusu Krismasi, Abasi ana wazo lake: mbuzi wa Benjamini anunuliwe mapema, alale kwake Ng'ambo, asije akawahiwa na mtu mwingine. Benjamini hataki hata kusikia. Mbuzi wa Mgogo akilala kwa Mnyamwezi, anasema, asubuhi mtakuta kamba tu.

Wanabishana mpaka chai ya jioni, na hawajakubaliana mbuzi atalala wapi. Abasi anajaribu bega lake, analizungusha mara moja, linakubali. Anakifunga kisu.

"Abishe anavyotaka," anasema. "Mungu akinipa uzima, mwakani asubuhi niko hapa, nimeitwa sijaitwa."