Viatu vya Waumini

"Leo sitaki viatu, shemeji. Nataka miguu!" mfagiaji wa nyumba ya ibada alimfokea fundi viatu, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akimwaga gunia la kandambili mlangoni.

"Miguu inaogopa, shemeji. Viatu haviogopi."

Wakubwa walikuwa wametangaza kwamba nyumba ya ibada itakayokutwa tupu itageuzwa ghala, na watakaokutwa ndani wataandikwa majina. Basi waumini wakabaki makwao, wakatuma viatu. Mkaguzi akipita barabarani aliona mlango umefurika viatu, akasikia uimbaji, akaona uvivu kuandika majina yote hayo, akaenda zake. Mwimbaji alikuwa mama huyu peke yake: aliimba sauti nyembamba, akaimba sauti nene, akaongeza na kikohozi cha wazee. Hata mende walikuwa wakijipanga safu kumsikiliza.

Miezi saba sasa. Kila akimaliza, alivipanga viatu viwili viwili, akivijulia hali. "Za nyumbani, bwana seremala?" Kiatu hakikumjibu hata siku moja.

"Basi kaa wewe," alimwambia fundi, sauti ikimshuka. "Ibada moja tu, shemeji yangu."

"Na kibanda changu nimwachie nani?"

"Uachie huo woga wako, si ndio mwenye kibanda!"

Fundi aliinama kuokota gunia lake tupu. Pembeni yake akapita muuza mkaa, mama ambaye hakuonekana pale tangu lile tangazo, miguu mitupu imejaa vumbi, akaenda kuketi mkeka wa mbele.