Sajini Aliyebeba Pipa

Mume wangu aliingia jeshini na cheti cha sekondari na jozi moja ya viatu, navyo vilikuwa vya kaka yake. Mwenye digrii alipelekwa chuo cha maafisa, akatoka na nyota begani. Asiye nayo alianza kama kuruti, akasugua vyoo na kupigishwa kwata mpaka akasahau jina lake. Baba Pacha, ndivyo ninavyomwita, alisugua vyoo. Ilimchukua miaka kumi na mmoja kuwa sajini, na katika miaka hiyo alifundisha kazi maluteni wanne waliokuja hawajui hata kukunja ramani. Wote wakapanda vyeo, wakahama, wakamwacha palepale.

Nasema haya bila kinyongo. Haya, kinyongo kidogo kipo.

Siku moja akaniambia anataka kusoma. Nikacheka, kisha nikaona hacheki. Akajiandikisha chuo kikuu, kile cha kusomea nyumbani, akawa anaamka alfajiri anapiga pasi sare huku kitabu kimeegemea ukuta. Aliunguza mashati mawili kwa ajili ya somo la takwimu. Wenzake kambini wakambatiza Profesa. Pacha wetu walijifunza kusimama kwa kushikilia rundo la vitabu vyake. Miaka sita, jamani, ndani ya vyumba viwili. Alipopata digrii nilitembea kambi nzima nikijifanya natafuta chumvi, ili tu watu waniulize habari.

Lakini umri wa kuomba uafisa una kikomo, naye alibakiza miezi michache. Kwa hiyo alikuwa na nafasi moja tu. Akikosa, atastaafu sajini, na digrii yake tutaitundika ukutani tuitazame.

Usaili ulikuwa wa siku tatu. Kabla hajatoka nilimkalisha kitandani, maana namjua. Huyu ni mtu ambaye akimwona jirani amebeba ndoo, atamtua. Nikamwambia, "Baba Pacha, kule wanatafuta wa kuamrisha. Funga mikono nyuma. Usishike kitu."

"Sawa, Mama Pacha."

"Rudia nilichosema."

"Nisishike kitu."

Akarudi siku ya tatu jioni, akakaa, akaanza kufungua kamba za buti taratibu mno. Nikajua.

"Ulishika nini?"

"Pipa."

Ilikuwa hivi. Waliwekwa wanane wanane, wengi wao vijana waliotoka chuo juzi. Kila mmoja kwa zamu yake anaongoza kundi kuvuka mtaro kwa mbao mbili na pipa la maji, huku kiongozi amesimama pembeni akitoa amri. Zamu yake ilipofika, kubeba pipa kulimwangukia binti mmoja mwembamba. Binti akafika katikati ya ubao, pipa likaanza kumlemea. Mume wangu, mtu mwenye digrii, akaruka mtaroni akajitwika pipa mwenyewe. Wakavuka wa kwanza. Maafisa wasaili wakaandika kwenye makaratasi yao.

"Lilikuwa zito," akaniambia.

Sikumsemesha siku mbili. Barua ilipokuja ilikuwa na mistari mitano, na ule wa nne ulisema ana tabia ya kufanya kazi mwenyewe badala ya kuongoza. Akaikunja, akaenda kuoga. Alifungulia bomba mpaka mwisho, akidhani maji yakimwagika mke hasikii mume akilia. Nilisikia. Iliniuma kuliko siku yoyote ya ndoa yetu.

Mwaka ukapita. Platuni yake ikaletewa luteni mpya kutoka chuo cha maafisa, na luteni mwenyewe ni nani? Yule binti wa pipa. Koplo wa stoo ndiye aliyenihadithia jinsi mume wangu alivyompigia saluti asubuhi ile mbele ya askari thelathini, mkono umenyooka, uso mkavu. Nilichemka kwelikweli.

Jumapili mchana mlango ukagongwa. Binti, nguo za kiraia, mfuko wa machungwa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitoa puani.

Mume wangu akasimama wima kwenye sebule yake mwenyewe. "Karibu, afande."

Binti akakaa kwenye ncha ya kiti. "Nimekuja kusema jambo, mama, kabla hujalisikia kwingine. Siku ya mwisho ya usaili niliwaambia wasaili kwamba pipa lile lilikuwa langu. Nikawaambia, kama kuna wa kukosa, nikose mimi."

"Hukupaswa, afande," mume wangu akasema polepole.

"Mwenyekiti akanijibu kwamba waliona. Akasema, 'Nyota tunakupa wewe. Na wewe tutakukabidhi kwake akufunze.'"

Nilitafuta kitu cha kurusha, nikakosa. "Kwa hiyo awalee nyinyi, nyota mvae nyinyi?"

Nilitegemea ajitetee. Macho yakamjaa machozi. "Ndiyo, mama. Ndivyo ilivyo."

Mume wangu hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama jinsi binti alivyoinua kisigino chake cha kulia kutoka kwenye kiatu.

"Malengelenge?" akauliza.

"Mawili."

"Ni zile buti mpya. Kesho vaa soksi nyembamba ndani, nene juu. Na usitembee mbele ya askari muda wote. Kaa katikati yao, utajua nani amechoka kabla hajaanguka."

Akaenda kubandika maji, akatia chumvi, akaanza kutafuta beseni. Nilimtazama akiinama kwenye jiko. Uafisa wamemnyima kwa sababu hawezi kuona mtu akielemewa akanyamaza, na mimi kwa sababu hiyohiyo nilikubali kuolewa naye. Nikatoa beseni chini ya meza, nikamwambia yule binti avue viatu.