Jina la Msichana wa Pili

Watiri wa Giakanja hakuwahi kulala nje ya Nyeri hadi Januari ya 1979, alipopanda lori la jirani yake Theuri, dereva aliyepeleka viazi pwani hadi Mpeketoni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Kiburi hicho ndicho kilichomponza. Binti yake wa pekee, Wachuka, alikuwa amemfuata mumewe kwenye mashamba mapya huko. Akaandika: mama, nina mimba ya pili, njoo, huku sina mtu. Watiri akajibu kwamba aliyemfuata ndiye amzalishe. Barua zikakoma. Miaka miwili Watiri alikula peke yake na kuongea na ng'ombe. Akiulizwa habari za binti alisema hajambo, uongo wa mchana kweupe. Mwishowe msafiri mmoja akamwambia Wachuka alijifungua msichana mwingine. Jina hakulijua.

Na jina ndilo lililomnyima usingizi. Kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Huyu alikuwa wake. Akiitwa Watiri, basi amesamehewa.

Walipoipita Malindi lami iliisha. Vumbi, mchanga, vichaka, saa nzima bila kuona gari lingine. Bahari ilikuwa huko kulia mahali fulani, lakini haikujionyesha. Garsen walingoja kivuko nusu siku, jua likiwachoma utosi.

"Mama Wachuka, wanajua unakuja?" Theuri aliuliza.

"Ati wajue nini? Mimi ni mama yake. Wewe endesha gari."

Akageukia dirisha asionekane akilia.

Walipofika Mpeketoni, Wachuka alitoka jikoni, akampa mkono, akamletea kiti. Msichana mdogo alijificha nyuma ya leso ya mama yake.

"Huyu anaitwa nani?"

"Kaltun."

Watiri akakaa kitini.

"Ni jina ya jirani yetu, Msomali wa nyumba ile," Wachuka alisema. "Nilishikwa na uchungu siku mbili. Ni yeye alinishika mgongo, akanipikia uji. Nilimpa mtoto jina ya mtu alikuja."

Watiri alitaka kufoka, lakini hasira ilikataa kuja. Alibaki na aibu tu. Akainuka, akavuka shamba hadi nyumba ile. Mwanamke alikuwa akipepeta mahindi mlangoni.

"Karibu, mama. Wewe ni mgeni wa nani?"

Watiri alitaka kusema yeye ni mama, si mgeni.

"Wa Wachuka," akasema. "Nimekuja kusema asante."