Chenso Iliyolala Chini ya Kitanda

Chenso ya Vumbi, msumeno wake wa petroli, ilikuwa inalala chumbani, chini ya kitanda, upande wa mkewe. Ile ya kwanza iliibwa stoo, na tangu hapo Vumbi hakuamini tena kufuli lolote. Mkewe ana kifua. Ukuta wa duka langu ndio ukuta wa chumba chao, kwa hiyo nilimsikia mara nyingi akilalamika kwamba harufu ya petroli inamkaba. Vumbi alimjibu kwamba harufu hiyo ndiyo inayowalisha. Ni mpasua mbao hodari, lakini kichwa chake ni kigumu kuliko magogo anayopasua.

Wiki ile hakuwa na kazi, na chenso ilikuwa imelala tu. Kisha asubuhi moja upepo ukauangusha mkaratusi juu ya chumba cha dada mmoja, fundi cherehani. Fundi alikuwa ndani, hai, amelala chali chini ya boriti, na boriti imekandamizwa na shina. Kila upepo ulipovuma shina lilishuka kidogo, nasi tukamsikia akiguna. Nilijipenyeza kwenye ufa wa ukuta nikamshika mkono. Akaniambia anapumua nusu nusu.

Vumbi alifika mbio na chenso begani. Aliamuru boriti itegemezwe kwa nguzo, akachagua pa kukata, akavuta kamba. Chenso ikanguruma na kuula mti vizuri. Mara sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikazima.

Akachomoa plagi, akaiona kavu. Akasema mafuta hayafiki. Akafungua tangi, akalivua chujio kwa waya uliopindwa, akalikuta safi. Akaupinda mpira wa mafuta huku na huku akitafuta ufa. Hakuna. Akafunga kila kitu, akavuta kamba, chenso ikawaka mara moja kama haijawahi kuugua. Ikakata kidogo, ikazima tena.

Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Pale lilikaribia kuharibika, maana kila mtu aligeuka fundi. Mmoja alisema ni kabureta, mwingine kwamba petroli ina maji, na yule kinyozi wetu, ambaye hajawahi kukata kitu kigumu kuliko ndevu, alisema chenso imezeeka itupwe. Nilitamani kumtupa yeye. Nilimwona Vumbi akishika bisibisi na kuigeukia kabureta. Sijawahi kumwona akifuata ushauri wa mtu, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Upepo ukaja tena. Vidole vya fundi vikaniminya, kisha vikalegea. Nilimwambia Vumbi afanye lolote, dada wa watu anatuponyoka.

Alikuwa ameshaanza kulegeza skrubu ya kabureta. Akasita. Akaiweka bisibisi chini, akakifungua kifuniko cha tangi polepole, sikio limekaribia. Kikalia fyuu, tangi likavuta hewa.

Akakigeuza kifuniko. Katikati yake pana kitundu, ndimo hewa inamopita kushika nafasi ya mafuta yanayotoka. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa nta ya mshumaa, tena imesawazishwa vizuri kwa kidole. Vumbi akainua macho. Mkewe alikuwa amesimama kati ya watu, mkono kifuani, uso umempauka. Vumbi akamtazama mara moja tu, akarudi kwenye kazi.

Kinyozi akashauri akate hivyo hivyo, kifuniko wazi. Vumbi alimkatalia kwa ukali: petroli ikimwagikia ekzosi ya moto, tutamchoma tunayetaka kumwokoa. Akaomba sindano. Watu wakajipapasa mifukoni, hakuna aliyekuwa nayo. Basi, kutoka chini ya boriti, tukasikia sauti ndogo.

"Kwenye kola yangu," fundi alisema.

Nikapapasa shingoni mwake nikaichomoa, na uzi mwekundu bado umo. Vumbi akachokonoa, akapuliza, akafunga. Chenso ikawaka, na safari hii haikuzima mpaka kipande cha mwisho kilipoanguka na wanaume wakainua boriti. Tulimtoa fundi mguu umevunjika, analia kwa sauti. Sijawahi kufurahia kilio cha mtu namna ile.

Watu wakamzunguka Vumbi wakitaka kujua chenso ilikuwa na nini.

"Uchafu tu," alisema. Nilimpenda kwa jibu lile.

Fundi alipokwisha kupelekwa hospitali, Vumbi na mkewe walikaa barazani kwangu. Niliwaletea maji, nami nikabaki pale bila aibu.

"Mama, lile tundu ni la kupumulia," Vumbi alisema. "Tangi lisipopumua, injini inakufa. Hukujua?"

"Sikujua. Nilidhani ndipo harufu inapotokea." Akakohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Lakini mimi nilikwambia sipumui, baba. Miaka yote nilikwambia. Wewe ulikuwa unajua."

Vumbi aliishika ile sindano ya fundi, akauviringisha ule uzi mwekundu kidoleni, akaufungua, akauviringisha tena. Kisha akaniuliza kama stoo ya duka langu ina kufuli.