Opareta Mbele ya Kompyuta Mbili

Hata mbele ya kompyuta, yule opareta wa zamani wa simu hukaa kama yuko kwenye mtambo wake: mgongo wima, kichwa kimeinamia kushoto, upande wa sikio lililovaa hedifoni kwa miaka. Vidole vyake vifupi haviparamii kitu. Huugusa waya kwanza, huufuata polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo auamini. Siku hiyo Hamduni alimwita nyumbani kwake, mtaa wa Mukendo, kwa sababu kompyuta zake mbili za mitumba zilikataa kuwasiliana. Kadi za harusi alizochapa mkewe zilikuwa kwenye moja, printa iko kwenye nyingine, na harusi ni Jumamosi.

"Namba za mashine hizi, anwani zake za mtandao, aliweka nani?" opareta aliuliza.

"Mimi mwenyewe," Hamduni alijibu, kifua mbele. "Nyumba ni moja, sanduku la posta ni moja. Nikazipa zote namba ileile."

Opareta hakucheka. "Sanduku tunachangia, mzee. Lakini mimi nilikuwaga naunganisha mkoa huu wote. Nyumba mbili zingekuwa na namba ileile ya simu, ningeita ipi?"

Akabadilisha tarakimu ya mwisho ya namba ya mashine moja, akasogeza kiti, akamwachia Hamduni abonyeze. Printa ikakohoa, kadi ya kwanza ikachomoza. Hapo opareta akanyoosha shingo, akatoa ile sauti ambayo Hamduni aliwahi kuisubiri nusu siku nzima kwenye kibanda cha posta:

"Haya, mmeunganishwa. Ongeeni."