Fundi Nyuma ya Pazia

Kompyuta ikikataa kuwaka, watu wengi hukimbilia kuitazama. Mimi huisikiliza kwanza. Nina kibanda cha ufundi Makandana, pale Tukuyu, na nasema bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo tu, kwamba mashine ikiwashwa mbele yangu nusu ya kazi huwa nimeshaimaliza kabla sijashika bisibisi. Feni iliyochoka naijua kwa mkoromo wake. Hadi diski, ile inayotunza kila kitu, ikianza kufa hugonga ndani kwa ndani, na mlio huo wa kugonga ndio pekee nisiopenda kuusikia.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote niliifanya bila kuiona kompyuta yenyewe, wala kumwona aliyekuwa akiifungua. Aliyeifungua alikuwa baba mkwe wangu.

Inabidi nieleze kidogo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawasemeshani, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Mimi ni Mnyakyusa pia, ila nimezaliwa Mbeya mjini, na kwetu mambo hayo yalishaachwa. Shangazi zangu wanaangalia taarifa ya habari na wakwe zao kwenye kochi moja. Nilipoolewa kwenye nyumba hii ya mlimani, juu kidogo ya Kiwira, nikamkuta mzee, mwalimu mstaafu, bado ameishika mila ile kwa mikono miwili. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma.

Mwanzoni iliniuma. Nilimwambia mume wangu, "Heshima gani ya kunipa mgongo?" Akacheka, akasema baba yake anamheshimu mtu kwa kadiri anavyomkimbia, na kwamba mimi nakimbiwa kuliko wakamwana wote waliowahi kuingia kwenye ule ukoo. Sikucheka. Ila mtu huzoea, nami nikazoea.

Sasa, mzee huyo alikuwa na kompyuta ya mezani, kongwe, ya rangi ya maziwa yaliyolala. Ndani yake kulikuwa na nyimbo za binti yake. Wifi yangu huyo sikuwahi kumwona. Alifariki kabla sijaolewa, na simu yake ikapotea siku zile zile za msiba pamoja na kila kilichokuwamo. Kilichobaki ni nyimbo walizorekodi yeye na baba yake pale sebuleni, wakifanya mazoezi ya kwaya. Kila Jumapili akitoka kanisani mzee alikuwa anakaa, anawasha, anasikiliza. Nakala nyingine haikuwepo. Nilishamwomba mume wangu mara nyingi azinakili, naye kila mara alijibu "kesho".

Msimu wa mvua mzee akalazwa kwa ajili ya nyonga. Aliporudi nyumbani akawasha kompyuta yake, kioo kikabaki cheusi. Mume wangu akampigia simu rafiki yake mmoja anayejiita fundi, naye bila kuona chochote akatangaza kwamba hadi diski imekufa. Mume wangu alinieleza habari hiyo kwa sauti ya kutangaza msiba wa pili. Nilipandwa na hasira.

"Kasema kwa simu? Hajaisikia hata ikiwaka?"

"Ni mtaalamu."

"Mtaalamu ni mimi. Ilete."

Lakini mzee akakataa. CPU, lile boksi lenyewe, haitoki. Sauti ya mwanawe haitashushwa mlimani kwenye tope, imefungwa nyuma ya bodaboda kama mkungu wa ndizi. Na kwa ile nyonga yake, mzee mwenyewe alikuwa hawezi kuondoka sebuleni ili mimi niingie. Basi Jumamosi moja mume wangu akiwa kazini, nikachukua vifaa vyangu nikapanda mwenyewe, mvua ya Tukuyu ikinisindikiza kama kawaida yake.

Mama mkwe alikuwa ameshapanga kila kitu. Mzee sebuleni, kwenye kiti, CPU mezani mbele yake. Mimi kwenye korido, juu ya kigoda. Katikati yetu pazia zito la maua. Na yeye mama akasimama penye pazia, bega moja huku, bega moja kule, ili apeleke maneno. Umbali kati yangu na mzee haukuzidi urefu wa kitanda. Kila mtu alimsikia kila mtu. Lakini neno lisilopitia kwa mama lilihesabiwa kuwa halijasemwa.

"Mama, mwambie baba aiwashe."

"Anasema uiwashe."

Kikasikika kitufe. Feni ikavuma vizuri, bila kukwaruza. Umeme basi unaingia, pawa saplai ni nzima. Nikafumba macho nikasubiri mlio wa kugonga wa hadi diski. Haukuja. Badala yake kompyuta ikalia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya, kama mtoto aliyeachwa mlangoni. Nilikaribia kupiga makofi.

"Hadi diski haina neno," nikasema. "Hiyo inalilia RAM, vile vibao vidogo vya kumbukumbu. Haioni RAM yake, ndiyo maana kioo hakileti kitu."

"Anasema diski ni nzima," mama akapeleka upesi.

Mzee akasema, "Muulize mkamwana kama ana hakika."

"Anauliza kama una hakika."

"Mwambie ninayo."

Nilikuwa nayo kweli. Mashine ikilia namna ile maana yake ubao wake mkuu uko hai na unajua unachokitafuta. Nikampitishia bisibisi chini ya pazia, nikamwelekeza hatua kwa hatua: achomoe waya wa umeme, ashike kwanza chuma cha boksi ili umeme wa mwilini umtoke, afungue ubavu wa kushoto. Alikuwa na mkono wa mwalimu wa zamani. Alifanya kila kitu kwa utaratibu na kukisema kwa sauti. "Skrubu ya kwanza imetoka. Ya pili imetoka." Mama naye akirudia kwangu kila skrubu, nami naitikia kana kwamba ni habari mpya.

Ubavu ulipotoka, mzee akanusa. Kisha akasema, "Inanuka moshi."

Nikamsubiri mama aniletee neno hilo. Hakuniletea.

Moshi kwenye kompyuta huwa na maana mbili. Moshi wa kuungua kwa vifaa ni mchungu, unakera pua, na ungekuwa ndio huo ningeusikia tangu ilipowashwa. "Mama," nikasema, "muulize ni moshi wa plastiki au moshi wa kuni."

Hakuuliza. Mzee alitakiwa angoje aulizwe, naye akangoja.

Basi nikauliza swali ambalo fundi yeyote lazima aliulize. Kwenye kazi yangu mficha uchi hazai. Mteja asiponiambia kwamba mtoto alimwaga chai, nitatafuta ugonjwa mpaka jua lizame. "Baba alipokuwa hospitali, hii kompyuta ilihama pale mezani?"

Mama alinigeukia. Ni mama wa vicheko, hajui kununa, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa, kwa kuniomba. Macho yake yakaenda upande wa jikoni, yakarudi. Nami nikaelewa yote kwa mara moja, kwa sababu jiko lile nalijua. Juu ya mafiga kuna kichanja ambacho mahindi ya mbegu hukaa msimu mzima wa mvua, yapate joto na moshi yasiote ukungu. Kila kitu cha thamani katika nyumba ile ambacho unyevu ungekiharibu kiliwahi kupanda pale. Mume kalazwa, mvua haikatiki, kuta zinatoka jasho, na sauti ya mwanao imo ndani ya boksi la bati. Mama alikuwa ameipandisha kompyuta kichanjani.

Na sasa alijua alichofanya. Au alidhani anajua. Alidhani amemuua binti yake mara ya pili.

Nilitamani kumshika mkono. Nilitamani pia kulirudisha swali langu, lakini lilishatoka, na pazia ni kitambaa tu. Mzee alikuwa amelisikia. Alikuwa hawezi kulijibu, kwa kuwa halijaletwa kwake. Mvua ikazidi kupiga mabati.

Halafu mzee akasema, polepole, "Mwambie mkamwana nyumba hii ina unyevu mno. Hata mimi ningeipeleka jikoni."

Mama akaweka mkono mdomoni. Hakulipeleka neno hilo, wala sikumsubiri alipeleke. "Moshi wa kuni hauui kompyuta," nikasema kwa sauti ya kutosha nyumba nzima. "Unachafua tu. Mama, mwambie baba atoe zile RAM mbili, aniambie meno yake ya dhahabu yana rangi gani."

"Atoe..." Mama akakohoa. "Anasema uzitoe hizo mbili, uangalie meno."

"Meusi. Yana masizi."

"Basi achukue kifutio cha penseli ayafute, taratibu, mpaka yang'ae. Asiyaguse kwa vidole."

Mwalimu mstaafu hakosi kifutio. Tulimsikia akisugua na kupuliza. Nikamwambia arudishe moja tu, achomeke waya, aiwashe. Ikalia tena. Nikamwambia achomoe waya, aitoe, aweke ile nyingine mahali pale pale, aiwashe. Ndivyo unavyomjua mgonjwa: unawapima mmoja mmoja, huwapimi kwa pamoja. Safari hii kukatoka mlio mmoja mfupi, mkavu, na nikajua kabla ya mzee kusema.

"Kioo kimewaka," akasema. Kisha kwa Kinyakyusa, akijisemea, "Ee taata," yaani ee baba.

RAM moja ilikufa, hiyo ni kweli. Hata bila kichanja ingekufa siku moja, ilikuwa imezeeka, nami nilimwambia mama hivyo kwa sababu ndio ukweli. Nyingine ilitosha kwa kazi ya kusikiliza nyimbo. Sikuruhusu wimbo wowote ufunguliwe, hata hivyo, kabla flashi yangu haijapita chini ya pazia na nyimbo zote kunakiliwa. Mzee alitii. Flashi iliporudi mkononi mwangu nilijisikia mkubwa kama mlima Rungwe, na sioni sababu ya kuficha.

Ndipo akaufungua wimbo. Kwanza ilisikika mvua juu ya mabati, nikadhani ni hii ya nje. Kisha mtu akavuta kiti. Kisha wifi yangu akaimba. Nilikuwa nimezoea picha yake ukutani, msichana mwembamba, nikamtegemea awe na sauti nyembamba. Ilikuwa sauti nzito, yenye utulivu, ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mama akateleza ukutani mpaka sakafuni, akajifunika uso kwa khanga. Mimi nikaanza kukusanya vifaa vyangu taratibu. Mzee alikuwa akilia, nilimsikia, na kilio cha baba mkwe si cha mkamwana kukisikiliza.

"Mwambie mkamwana asiondoke," mzee akasema.

Mama hakuweza.

"Mwambie," akarudia.

Mama alitikisa kichwa ndani ya khanga. Mimi nikabaki nimesimama, mkoba begani, sijui kama nimeambiwa au sijaambiwa. Ubeti wa kwanza ukaisha. Sebuleni kiti kikalia, na sauti ya mzee ikaja karibu zaidi, kama mtu aliyejisogeza kwa shida mpaka kwenye pazia lenyewe.

"Mwanangu, kaa," akasema. "Ubeti wa tatu ndio wake hasa."

"Ndiyo, baba," nikamjibu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaketi sakafuni karibu na mama, mgongo ukutani, na sote watatu tukausubiri ubeti wa tatu.