Noti niliyombandika Kasongo usoni

Jumamosi, Agosti 2009. Mwaka wa nne tangu niondoke Morogoro.

Jamani, leo nusura niharibu albamu ya Wazungu.

Mimi na Kasongo, Mkongo ninayekaa naye mtaa wa Vickery Meadow huku ughaibuni, tulipata kibarua cha kubeba maspika kwenye studio moja huko Mesquite. Bendi ya bluzi na roki imetoka ziarani, inarekodi albamu mpya.

Wakati wa kula, mpiga gitaa wao akamwona Kasongo analikodolea macho gitaa lake. Akampa ajaribu.

Kasongo akaliamsha kwa sebene, lile gitaa la kwao la kuchezesha watu.

Wazungu wakaacha chakula. "Rudia, tunarekodi!"

Na mimi niliyepiga solo miaka yote ile kwenye bendi yetu ya Morogoro? Hakuna aliyeniuliza. Nimekumbatia spika, roho inaniuma.

Lakini alikuwa anapiga, jamani! Miguu ikanipeleka yenyewe, kama tunavyotunza wanamuziki ukumbini kwetu. Nikachomoa noti ya dola, nikambandika kwenye paji la uso.

Katikati ya kurekodi!

Kasongo akaangua kicheko, vidole vikapotea.

"Yaya, kaka yangu, umeniharibia! Uko na wivu?"

Akarudia. Haikuwa tamu tena. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wakasikiliza ile ya kwanza. Wakaamua ibaki hivyohivyo, na kicheko chake, na buti zangu zinavyodunda sakafuni.

Kwa hiyo kwenye albamu Kasongo ni gitaa, mimi ni viatu. Chekeni tu.

Desemba narudi. Rama, wewe uliyekalia nafasi yangu ya solo, anza kujifunza besi.